Mnaupiga "Without You" kila wiki, waliouandika hamuwataji. Nimechoka!

Wakuu, habari za usiku. Nilitaka kulala nimeshindwa, acha niyatoe hapa.

Kuna kipindi cha nyimbo za mapenzi redioni, sikitaji, wasikilizaji wake wanajijua. Jana ikapigwa "Without You" ya Mariah Carey. Mtangazaji, kwa ile sauti yake ya kubembeleza, akasema Mariah aliuandika mwenyewe akiwa na kidonda cha mapenzi. Nikatuma ujumbe kistaarabu kabisa: ndugu mtangazaji, wimbo huo ni wa Pete Ham na Tom Evans wa bendi ya Badfinger ya Uingereza, ulitoka 1970. Akausoma hewani huku anacheka. "Kuna msikilizaji anasema ni wa Badi nani sijui. Haya, tuendelee na salamu."

Badi nani!

Pete Ham alikuwa kijana wa Swansea, kule Wales. Bendi yao ikiitwa bado The Iveys ilisajiliwa na Apple, lebo ya Beatles wenyewe, mwaka 1968. Kibao cha kwanza cha kuwatoa, "Come and Get It", waliandikiwa na Paul McCartney. Baada ya hapo Ham akaonyesha kwamba hahitaji kuandikiwa: "No Matter What", "Day After Day", "Baby Blue", zote kazi yake. Tarehe 1 Agosti 1971, Madison Square Garden, New York, kwenye lile onyesho la kuchangia Bangladesh, George Harrison alipiga "Here Comes the Sun" kwa magitaa mawili tu, lake na la Pete Ham. Huyo ndiye Badi nani wenu.

Najua hapa mkisikia mwanarock Mwingereza mnakimbilia kwa Freddie Mercury kwa sababu kazaliwa Zanzibar. Sawa, mtoto wa nyumbani, simkatai. Lakini Freddie kafa na hela yake. Huyu mwingine je?

Wimbo wenyewe ulizaliwa hivi. Ham alikuwa na beti nzuri, kiitikio hakimkai. Evans alikuwa na kiitikio, beti hana. Wakaunga. Ukaingia kwenye albamu yao No Dice, hata singo haukutolewa. Harry Nilsson, mwimbaji wa Marekani, akausikia akadhani ni wa Beatles, akaurekodi, na mwaka 1972 ukakaa namba moja wiki nne Marekani na wiki tano Uingereza. Mariah kaja kuutoa kama singo 1994. Kauimba vizuri, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni kwenu nyie mnaodhani wimbo huota wenyewe kama uyoga.

Kinachonikera kuliko hata redio ni nilichojibiwa kwenye grupu letu nilipolalamika kwamba vijana hawa walidhulumiwa na meneja wao. Mtu mzima, tena mhasibu, ananiandikia: "Walisaini wenyewe, wajinga ndio waliwao."

Mkuu, umekaa kwenye mahesabu miaka yote hiyo, nisomee basi haya. Mwaka 1970 walimpata meneja wa New York, Stan Polley. Akawafungulia kampuni, hela zote zinapita humo, wao wanalipwa mshahara. Hesabu za Desemba 1970 hadi Oktoba 1971 zipo: Pete Ham, mtunzi mkuu, dola 5,959. Meneja, kamisheni, dola 75,744. Rudia kuzisoma taratibu. Na hapo wako juu kwenye chati, wanazunguka Marekani usiku na mchana, punda afe mzigo ufike.

Wakahamia Warner, kampuni nyingine ya muziki. Ndani ya makubaliano kulikuwa na fungu la hela lililotakiwa kukaa kwenye akaunti ya amana. Warner walipoliulizia, halionekani, na meneja hatoi maelezo ya kueleweka. Warner wakamshtaki, na mapema 1975 albamu mpya ya vijana, Wish You Were Here, ikaondolewa madukani. Nyingine waliyokuwa wametoka kuirekodi, Head First, ikafungiwa kabatini mpaka mwaka 2000. Yaani kosa la meneja, adhabu kwa wanamuziki. Mshahara ukakata. Ham ana nyumba Surrey ya kulipia, mpenzi wake mjamzito, akimpigia meneja New York simu hazipokelewi.

Tarehe 24 Aprili 1975 alijitoa uhai, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 28. Aliacha barua yenye jina la Polley ndani. Binti yake alizaliwa mwezi uliofuata.

Tom Evans hakukaa sawa tena. Ilifika wakati waliobaki wanavutana wao kwa wao juu ya mirabaha ya "Without You" hiyohiyo, nani mtunzi, nani apate ngapi. Naye akajitoa uhai Novemba 1983. Watunzi wote wawili wa wimbo mnaoupiga kwenye harusi. Eti wajinga ndio waliwao! Vijana wa miaka ishirini na kitu, ukumbi mmoja leo mwingine kesho, wamewekewa karatasi za wanasheria wa New York, wewe unataka wawe wameshajua mtego uko ukurasa wa ngapi? Wewe mwenyewe masharti ya mkopo wa kwenye simu uliyasoma?

Na Polley? Hakufungwa hata siku moja kwa habari ya Badfinger. Alikuja kubanwa 1991 huko California kwa hela za mtu mwingine kabisa, asiyehusiana na muziki, akapewa kifungo cha nje. Akafa 2009, mzee.

Kuna mtu atakuja hapa kuniambia "mkuu, ni wimbo tu, punguza jazba". Sipunguzi. Kutaja majina mawili hewani ni sekunde tatu. Mnasoma salamu za watu arobaini wa mtaa mmoja bila kuruka hata jina la mtoto wa jirani, hizo sekunde mnazo.

Mtangazaji, najua humu unaingia. Pete Ham. Tom Evans. Andika kwenye kikaratasi ubandike karibu na maiki. Jumapili saa nne usiku nitakuwa nasikiliza.