Theluji ya Kibo inakwisha: mwenye kosa ni binadamu, na ni binadamu yupi?

Mleta mada:
Wakuu, tuliweke hili mezani. Ramani ya 1912 ilionyesha Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ina barafu ya kilomita za mraba 12 na ushei. Vipimo vya 2011 vikakuta 1.76. Yaani katika mafungu saba, sita yameondoka. Maelezo tunayopewa kila leo ni kwamba wananchi wa chini wamekata miti na kuchoma mkaa, ndiyo maana mlima unakuwa kipara. Kuna wanaosema ni viwanda vya nchi kubwa. Kuna wanaosema dunia hupata joto na baridi tangu enzi, binadamu anajipa ukubwa asio nao. Msimamo wangu: kosa ni la binadamu, na kwa Kibo ni sisi wenyewe tuliomaliza msitu. Anayepinga aje na namba.

Jabali:
Naja nazo. Kileleni, mita 5,895, wastani wa joto ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Kwenye hewa ya aina hiyo barafu haichuruziki kama ya kwenye friji iliyokatikiwa umeme. Jua kali na hewa kavu vinaigeuza mvuke moja kwa moja, bila kupitia maji. Kazi hiyo ni ghali: kugeuza kilo moja ya barafu kuwa mvuke kunakula nishati mara nane na nusu ya kuiyeyusha. Kwa hiyo uhai wa barafu ya Kibo unategemea zaidi mvua (yaani theluji) na mawingu kuliko kipimajoto. Theluji mpya ni nyeupe, inarudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua angani. Vuli ikikosa, barafu ya zamani yenye vumbi inabaki wazi, inameza jua mchana kutwa.

Sasa, ukame ulianza lini? Maji ya Ziwa Victoria yalishuka baada ya 1880 hivi, na barafu ya Kibo ikaanza kurudi nyuma kipindi hichohicho. Mjerumani Hans Meyer alipofika juu mwaka 1889, tayari ilikuwa inarudi. 1889 kulikuwa na magari mangapi? Na Sahara iliyokuwa na maziwa na viboko zaidi ya miaka 6,000 iliyopita, nani aliikausha kwa mkaa?

Nusu Maili:
Jabali amenena kwa upande wa kilele. Mimi namjibu mleta mada kwa upande wa msitu, maana hapo kuna mambo mawili yamechanganywa kwenye sufuria moja.

Msitu wa Kilimanjaro umeumizwa na watu, hilo halina ubishi. Lakini shoka siyo silaha kubwa kuliko zote. Kubwa ni moto. Juu kabisa ya msitu, kuelekea mita 3,000 na zaidi, kulikuwa na misitu ya mierika, ile miti yenye majani membamba kama sindano na ndevu za kuvumwani zinazoning'inia. Mti ule unakamata ukungu: matone yanagandamana kwenye vijani, yanakusanyika, yanadondoka ardhini hata siku ambayo mvua haijanyesha. Moto ukipita mara moja, mierika huchipua. Ukirudi tena na tena kabla haijakomaa, unabaki na vichaka vifupi visivyokamata kitu. Mstari wa juu wa msitu umeshushwa mamia ya mita kwa njia hiyo. Moto wa Oktoba 2020 uliendeleza kazi hiyohiyo. Na mioto mingi ya kule huanzishwa na watu: warina asali wanaofukiza nyuki, majangili, majiko ya kambi.

Ila msitu huo kupungua siyo ndiko kulikokula barafu. Waliochunguza athari ya kufyeka msitu kwenye unyevu unaofika kileleni waliikuta ndogo. Unyevu wa kule juu unaletwa zaidi na pepo kubwa kutoka Bahari ya Hindi. Kwa hiyo kumbebesha mchoma mkaa wa Rombo mzigo wa Kibo ni kumwonea.

Na hili la "theluji ikiisha mito itakauka" nalo tulipige hesabu. Chukua barafu ya kilomita za mraba 1.76, sema inapungua unene wa mita moja kwa mwaka. Hayo ni maji kama mita za ujazo milioni 1.6. Gawa kwa sekunde za mwaka, unapata lita 50 kwa sekunde, hata ukisema yote yanateremka kama maji, na tumeambiwa sehemu kubwa inaondoka kama mvuke. Lita 50 ni mfongo (mfereji wa asili wa Wachagga) mmoja mzuri. Sasa chukua msitu wa kilomita za mraba 1,000 unaopata milimita 1,500 tu kwa mwaka (upande wa kusini hupata zaidi): mita za ujazo bilioni 1.5. Karibu mara 950. Mifongo ya Uchagani inalishwa na msitu. Anayelia juu ya theluji huku akiacha nusu maili (ule ukanda wa msitu unaopakana na vijiji) ikifyekwa, analilia kofia na shati limeibiwa.

Kipimajoto:
Jabali, Kibo ya 1880 nakuachia yote. Kurudi nyuma kwa mwanzo kulitokana na ukavu, na hewa ukaa ya wakati ule ilikuwa haijapanda vya kutosha kufanya kazi hiyo. Tatizo lako ni kwamba umesimama kwenye kilele kimoja ukahukumu sayari nzima.

Kabla ya viwanda, hewa ukaa ilikuwa chembe 280 hivi katika kila chembe milioni moja za hewa. Vipimo vya Mauna Loa kule Hawaii vilipoanza 1958 vilikuta 315. Leo imepita 420. Swali la haki ni hili: tunajuaje kwamba nyongeza hiyo imetoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi, isitoke baharini au kwenye volkano?

Kaboni ina uzito wa aina tatu. Ya 12 ni nyepesi na ndiyo nyingi. Ya 13 ni nzito kidogo. Ya 14 ni nadra na inaoza, nusu yake hupotea kila miaka 5,730 hivi. Mimea hupenda ya 12 kuliko ya 13. Hewani uwiano wa ya 13 unashuka mwaka hadi mwaka, maana yake kinachoingia kilitoka kwenye mimea. Mimea ipi, hii iliyokatwa juzi au ile ya mamilioni ya miaka? Hapo inaingia ya 14. Makaa ya mawe na mafuta hayana kabisa kaboni 14, imeshaoza zamani, na tangu kabla ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ilionekana inachujuka hewani kama chai iliyoongezwa maji. Halafu oksijeni nayo inapungua kidogo kidogo. Bahari ingekuwa ndiyo inayotoa hewa ukaa, oksijeni isingepungua namna hiyo. Inapungua kwa sababu kuna kitu kinaungua. Kuhusu volkano, zote duniani pamoja na Ol Doinyo Lengai yetu hazifikishi hata moja ya mia ya kile watu wanachotoa. Na volkano kubwa ikilipuka hupoza: Pinatubo ya 1991 iliishusha dunia karibu nusu nyuzi kwa muda mfupi.

Jua je? Satelaiti zinalipima tangu 1978, na halijaongezeka kwa namna ya kueleza joto hili. Isitoshe, jua lingekuwa ndilo, hewa ingepata joto toka chini hadi juu. Tunachokiona ni tabaka la chini kupata joto na lile la juu yake kupoa. Ni sawa na mtu aliyejifunika blanketi: ndani joto, nje ya blanketi baridi. Mabadiliko ya Sahara uliyoyataja yaliletwa na kuyumba kwa mhimili wa dunia, jambo linalotembea kwa maelfu ya miaka. Halielezi miaka 150.

Jopo la kimataifa la tabianchi (IPCC) lilipotoa ripoti ya 2021 liliweka muongo wa 2011 hadi 2020 kwenye nyuzi 1.1 juu ya kipindi cha 1850 hadi 1900, na kusema mchango wa binadamu hauna shaka. Ukitaka barafu ya kwetu isiyo na utata sana kama ya Kibo, nenda Mlima Kenya. Kule barafu iko chini zaidi, karibu na nyuzi sifuri, inayeyuka hasa. Barafu ya Gregory imekwisha kabisa, ya Lewis imebaki kiraka.

Jabali:
Hizo kaboni tatu nimezielewa, na sikuwa na jibu la oksijeni, nakiri. Lakini wanasayansi nao wajisemee. Mwaka 2002 waliandika kwamba Kibo itakuwa tupu kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, watalii bado wanapiga picha na barafu. Na asilimia 0.04 ya hewa inawezaje kutawala iliyobaki?

Kipimajoto:
Utabiri ule ulivuta mstari ulionyooka kutoka 1912, na barafu haipungui kwa mstari ulionyooka. Ulikosea, na kukosea tarehe hakuirudishi barafu: ile ya Furtwängler, moja ya barafu za kileleni Kibo, ilikatika vipande viwili kabla hata ya miaka hiyo. Siku hizi wanasema kabla ya 2050.

Kuhusu 0.04: naitrojeni na oksijeni, asilimia 99 ya hewa kavu, zinapitisha joto linalotoka ardhini kama dirisha lisilo na pazia. Kazi kubwa ya kulizuia inafanywa na hicho kidogo, pamoja na mvuke wa maji. Ukiongeza nusu ya kidogo hicho, umeongeza nusu ya mfanyakazi asiyepungua mvua ikinyesha.

Tanuri:
Mmemaliza anga, mimi niseme ya mkaa, maana mnaitaja kazi hii kama uchawi.

Tanuri la udongo linaanza na vipingo chini ili hewa ipite. Magogo ya mita moja hadi mbili yanapangwa yakibanana, manene katikati, vijiti vinaziba mianya. Juu majani mabichi, halafu udongo. Unawasha mdomoni, likishika unaziba na kuacha matundu madogo. Moshi mweupe mzito ni maji yanatoka. Ukigeuka wa bluu na mwembamba, kumeiva, ziba kila kitu na uache lipoe siku kadhaa. Mahali linapoharibika ni udongo unapopasuka magogo yanapobonyea ndani: hewa inaingia, usiku mmoja usipokuwa macho asubuhi unakuta majivu.

Kwa njia hii kilo 100 za mti mkavu zinatoa mkaa kilo 10 hadi 20. Gunia la kilo 50 limekula kilo 250 mpaka 500 za mti. Lakini miombo ikikatwa vizuri huchipua kwenye kisiki. Kule Kilosa, tangu mradi ulioanza 2012, vijiji vinavuna vipande vya mita 50 kwa 50 kwa mpangilio wa bao la drafti, kimoja kinakatwa cha jirani kinaachwa, na mzunguko ni miaka 24. Hewa ukaa iliyotoka inarudi kwenye machipukizi. Anayeng'oa visiki na kulima mahindi ndiye anayehakikisha hairudi, na shamba ndilo linalomaliza miombo kuliko tanuri. Mkaa mara nyingi ni mabaki ya shamba jipya.

Mtungi wa Sita:
Tanuri, usijisafishe sana. Familia inayotumia kilo 60 za mkaa kwa mwezi imekula, kwa hesabu yako ya kati, kilo 400 za mti. Nusu ya mti mkavu ni kaboni, kilo 200. Zidisha kwa 3.67 (kila kilo ya kaboni ikiungua inatoa kilo 3.67 za hewa ukaa), ni kilo 730 za hewa ukaa mti usipoota tena. Familia hiyohiyo ikimaliza mtungi wa kilo 15, kila kilo ya gesi inatoa hewa ukaa kilo 3: jumla 45. Ndiyo, gesi inatoka ardhini na kaboni yake ni mpya hewani. Lakini 45 kwa 730! Agizo la serikali kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa halikutoka hewani. Kinachokwamisha mtaani ni kwamba mkaa unauzwa kwa kopo, gesi lazima uwe na hela ya mtungi mzima.

Tanuri:
Hesabu yako ni sawa pale mti usipoota. Ukiota, 730 inarudi na 45 inabaki. Tunabishana juu ya kisiki, si juu ya jiko.

Mleta mada:
Nimesoma yote. Nafuta sentensi yangu moja: kwamba sisi ndio tuliomaliza barafu ya Kibo. Sifuti neno binadamu. Ila naona sasa lilikuwa neno la kuficha watu. Mmarekani mmoja hutoa tani 14 hivi za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mtanzania hafikishi nusu tani. Wote ni binadamu, lakini kuwaandikia hukumu moja ni kama kugawa bili ya baa sawasawa kati ya aliyekunywa kreti na aliyeomba maji. Moto wa mierika, huo ni wetu, hauna Mmarekani ndani yake.

Tanuri, swali la mwisho: kuna njia ya kuvuka hizo kilo 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za mti bila kununua mtambo?

Tanuri:
Ipo. Kwanza kausha. Gogo bichi linachoma sehemu ya kuni zako kuchemsha maji yake lenyewe. Liache wiki tatu nne juani, hapohapo umeongeza. Pili weka bomba la moshi pembeni ya tanuri: mapipa matatu ya mafuta ya lita 200 yaliyotobolewa na kuungwa kusimama. Moshi wa moto unarudi chini ukipita kwenye magogo kabla ya kutoka, unapika tanuri sawasawa, na unafika kilo 25 hadi 30. Ugumu wake ni kubeba mapipa hadi porini na kumlipa fundi wa kuchomelea, na mtu asiye na kibali hawezi kuacha mapipa matatu msituni yakimngoja. Ndiyo maana wengi bado wanachoma kwa udongo mtupu.