Tupeane uzoefu: wapiga kura wa California, gavana unamchaguaje wagombea wakiwa utitiri na hakuna anayekugusa?

MwanaMuheza (Oakland): Wakuu, hapa nyumbani tunabishana kila jioni. Gavana Newsom haruhusiwi muhula wa tatu, Kamala alitangaza Julai 2025 kwamba hagombei, basi kila mtu kajitosa: Katie Porter, Becerra, Villaraigosa aliyekuwa meya wa Los Angeles, bilionea Tom Steyer, Bianco sherifu wa Riverside, Hilton yule Mwingereza aliyekuwa mshauri wa David Cameron, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza. Nimewasikiliza. Moyo haujasema kitu. Kwetu Tanzania mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais, huu mzigo wa kuchagua hatuna. Waliopitia hali hii, mlifanyaje?

BintiNyali: Umenikumbusha 2003, Mungu wangu. Gavana Gray Davis anang'olewa kwa kura ya wananchi kabla ya muda wake (aondoke au abaki, na akiondoka nani achukue), watu wana hasira za mgawo wa umeme na ada ya magari. Kugombea ilikuwa dola 3,500 na saini 65 tu, wakajitokeza 135! Schwarzenegger, Gary Coleman wa kwenye televisheni, Larry Flynt wa magazeti ya utupu, na wengine ambao sidhani hata majirani zao waliwajua. Herufi zilipangwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo huwezi kusema utafuta jina kwa A, B, C.

Nilimsindikiza baba hapa Los Angeles, uraia kaupata kiangazi kile. Mzee kavaa suti. Yeye alizoea jogoo, alama ya chama cha KANU kule Kenya: unamwona, unaweka alama, unaenda zako. Huku anapewa kadi ya kutoboa matundu. Vituo vilikuwa vimeunganishwa, foleni imetoka hadi nje. Akasoma jina moja moja kwa kidole, nyuma watu wananung'unika. Msimamizi akaja kuuliza kama anahitaji msaada, baba akasema hapana. Kisha akatulia kimya, nikaona mkono unatetemeka. Alikuwa ametoboa wagombea wawili. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, kura yangu ya kwanza ndiyo nimeiharibu?" Sijawahi kumwona baba amenyong'onyea vile. Kumbe unaruhusiwa kupewa kadi nyingine! Wakampa. Hadi anafariki hakutuambia alimpa nani.

Kibwana_SD: Kweli tupu. Ile kadi tuliitoboa hata San Diego.

MzeeWaRiverside: Pole, mama. Lakini mwishowe si tulipata gavana? Watu 135 na bado Schwarzenegger akachukua asilimia 48.6.

Kibwana_SD: Chini ya nusu, mzee wangu. Davis mwenyewe waliotaka abaki walikuwa kama asilimia 45, akaondoka.

MzeeWaRiverside: Nusu ya nini, kijana? Kenya gavana anapita kwa kura nyingi tu, na hakuna raundi ya pili.

Mwalimu Furaha: Acheni hayo, jambo la sasa ni zito zaidi. Tangu Proposition 14, sheria tuliyoipitisha kwa kura 2010, mchujo wa Juni unapitisha wawili wa juu, chama chochote. Mwaka 2012 jimbo la 31 la Congress (Bunge la Marekani), kule San Bernardino, Wademokrati wanne waligawana kura, wakapita Warepublican wawili. Novemba jimbo hilohilo likampa Obama kura nyingi! Kwa hiyo usipige kwa moyo. Subiri wiki ya mwisho, mpe anayeongoza upande wako.

BintiNyali: Mimi sikubali. Wote tukingoja wiki ya mwisho, huyo anayeongoza ameongozwa na nani?

Kibwana_SD: +1 kwa dada.

MamaZuhura: Mimi yangu ni ya 2021, ya kumng'oa Newsom, wagombea 46. Mume wangu alikuwa amefariki, na bahasha yake ya kura ikaja pamoja na yangu. Wanangu wawili wakaigombea mezani. Mkubwa anasema baba angetaka Newsom aondoke, mdogo anasema angetaka abaki. Mkubwa akashika kalamu, mdogo akamkamata shati, chai ikamwagika. Nikapiga kelele mpaka jirani akaja. Niliichukua nikaiweka kwenye sanduku la kanga zangu. Bado imo, haijafunguliwa. Naogopa mwaka huu itakuja nyingine.

MzeeWaRiverside: Inna lillahi. Ichome leo hii.

Kibwana_SD: Asichome! Na hao vijana waambiwe: kumpigia marehemu ni kosa la jinai.

BintiNyali: Mama shikamoo. Ya zamani kaa nayo, ina jina lake.

MwanaMuheza: Wanao wanaongea siku hizi?

MamaZuhura: Wanaongea. Siasa hawagusi.

Mwalimu Furaha: Mama, ikija nyingine usiifungue. Andika juu ya bahasha kwamba mwenyewe amefariki, irudishe posta, au piga simu ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako walifute jina. Hata leo unaweza.

MamaZuhura: Ahsante mwalimu. Nitamwambia yule mdogo apige, Kiingereza chake ni kizuri.

MwanaMuheza: Na mimi bado sijapata wa kumpa.

Mwalimu Furaha: Wiki ya mwisho, nimesema.

BintiNyali: Moyo!