Mdogo wangu kabadilika ghafla, naombeni ushauri (Kigoma)

Mwana Ujiji: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ana miaka 21, alikuwa anavua dagaa Kibirizi. Ziwa lilipofungwa Mei hadi Agosti 2024 akakaa bure, na lilipofunguliwa hakurudi. Sasa ni hedifoni usiku kucha, mawaidha ya Telegram. Msikitini kwetu haswali tena, eti imamu kibaraka. Juzi kamwambia mama ashushe picha ya marehemu baba ukutani. Nataka nimnyang'anye simu nimfukuze. Mnasemaje?

Karabai: Mpeleke kituoni wamkung'ute, akili itamrudia. Mmesahau magaidi walivyovamia kijiji cha Kitaya, Mtwara, 2020?

Binti Gungu: Karabai, taratibu. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walihoji watu karibu 2,200 katika nchi 8 za Afrika, ripoti ikatoka 2023. Kati ya waliojiunga kwa hiari na makundi ya itikadi kali, robo walitaja kazi kuwa sababu kuu. Dini asilimia 17. Karibu nusu walisema kuna tukio lililowasukuma moja kwa moja, na asilimia 71 ya hao wakataja kuonewa, mara nyingi na vyombo vya dola. Ukimkung'uta unamsaidia nani hapo?

Ustadhi wa Mwanga: Nafundisha madrasa. Picha isikutie hofu, wengi tunaona hivyo na hatujamdhuru mtu. Sikiliza kama anawaita Waislamu wenzake makafiri na kuhalalisha damu yao. Usibishane naye mbele za watu, mtafutie mwenye elimu anayemheshimu. Tena uliza nani anamnunulia bando. Hawa wanaosajili vijana huanza na fadhila, aya huja baadaye.

Mwana Ujiji: Shukrani Ustadhi. Bando sijui, ila kuna mtu kamwahidi kazi ya ufundi Msumbiji, nauli anatumiwa. Kampuni haitajwi.

Binti Gungu: Hapo ndipo penyewe! Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kunawaka vita vya makundi hayo tangu Oktoba 2017. Simu usiiguse, atapata nyingine na hutajua anaongea na nani. Namba ya huyo wa nauli ndiyo ya kupeleka polisi, uende na baba mdogo au mzee yeyote wa ukoo. Dogo abaki nyumbani, na mama aendelee kumwekea chakula.

Karabai: Haya, nimeelewa. Kwenye kipe changu, boti ya dagaa, kuna nafasi, mbalamwezi ikiisha tunaingia majini. Mlete.

Mwana Ujiji: Malipo ya siku au mgao?

Karabai: Mgao, kama kawaida. Ila hedifoni aache kwa mama.