Nimefuta Jumong, wateja wamenijia juu. Hizi sizoni za Kikorea zina nini?

Fundi Flashi (Igoma)
Wakuu habari za jioni. Nina kibanda hapa Igoma, Mwanza, naweka muvi na sizoni kwenye flashi na simu. Kazi hii nimeanza enzi za kukodisha CD, wakati Jumong nzima ilikuwa mfuko wa Rambo umejaa na mtu akirudisha lazima uhesabu, maana ya katikati ndiyo huwa inapotea.

Juzi kompyuta ilijaa, nikafuta vitu vya zamani. Jumong ikaenda. Nilijiambia ni kitu cha 2006, nani anaitaka tena? Siku mbili hazijaisha wamekuja watatu. Mmoja ni mama anayeuza sato soko la Mwaloni Kirumba, anaitaka kwa mara ya nne! Sehemu 81, mama ana biashara, ana wajukuu, na mwisho anaujua. Nilipomwambia nimeifuta alinitazama kama nimemuuzia flashi mbovu.

Wafilipino walivuma hapa kibandani wakapoa. Wamexico nao. Mkorea haondoki. Nielewesheni.

Mkwe wa Magu
Kaka, mimi nasema ni adabu. Mule ndani mdogo hamwiti mkubwa kwa jina kavu. Msichana akimwita kaka yake ni "oppa", mvulana akimwita wake ni "hyung", yaani wana maneno ya ukubwa kama sisi na shikamoo yetu. Mama mkwe wangu haelewi hata neno moja, lakini binti akipokea kikombe kwa mikono miwili utamsikia, "Huyu kalelewa."

Ila kuna kitu kimoja kilimshinda. Wakorea wakinywa pombe mbele ya mzee, kijana anageuza uso pembeni, ndiyo heshima yao. Mama akauliza, "Mbona huyu anakunywa kama kaiba?" Nimemweleza mpaka nimechoka, bado anamshuku yule kijana.

Tajiri Mtoto
Mnapamba tu. Hadithi ni ile ile: kijana wa kampuni kubwa, binti maskini, mama mtu analeta bahasha ya hela, "muache mwanangu". Kisha ajali ya gari, mmoja anasahau kila kitu. Boys Over Flowers ya 2009 nimeiona, sehemu 25, na kwenye ile bahasha niliitabiri kabla mama hajafungua mkoba.
(Nimemaliza zote 25. Msiniulize.)

Wa Ukara
Sisi huku kisiwani jibu letu ni mwezi. Dagaa anavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa haimvuti, mitumbwi inalala ufukweni, vijana wamekaa bila kazi siku kadhaa. Muvi ya saa mbili utaifanyia nini? Unataka kitu kirefu. Kule kwao Jumong ilirushwa Jumatatu na Jumanne, kuanzia Mei 2006 mpaka Machi 2007, na awali ilipangwa iwe sehemu 60, watu wakaipenda ikaongezwa. Sisi tunaibana kwenye mbalamwezi mbili tatu. Giza likirudi tunaingia ziwani, na huko kwenye mtumbwi stori ni Daeso tu, yule mwana wa mfalme anayemwonea Jumong, atamfanyia nini tena.

Halafu tunaangalia iliyotafsiriwa. Mtafsiri anaongeza ya kwake, ugomvi wa ikulu ya Buyeo, ule ufalme alikokulia Jumong, unakuwa kama ugomvi wa mwaloni. Ukiiangalia ya Kikorea kavu utalala.

Mkwe wa Magu
@Tajiri Mtoto umemaliza zote 25 na unabisha. Haya.

Fundi Flashi (Igoma)
Nimecheka. Wa Ukara, la mwezi sikulijua, na sasa naelewa kwa nini kuna wiki napata wateja wa visiwani kwa mkupuo.

Leo yule mama wa sato amepita, nikamuuliza mwenyewe. Nilidhani atasema vita au Soseono, yule mpenzi wa Jumong. Akasema anachofuata ni gerezani, kule pangoni. Hae Mo-su amefungwa miaka 20, macho hayaoni, Jumong anajifunza silaha kwake, na ni baba yake mzazi. Hawajuani. Mama akasema, "Mimi najua, wao hawajui. Nakaa pale nawaambia, nyie, huyo ni damu yako! Hawanisikii." Mara zote tatu amewaambia. Nikamuuliza na hii ya nne? Akasema, "We weka tu."

Basi nimekosa cha kubisha. Tatizo sasa ni kwamba niliyoipata mjini inaanzia sehemu ya 13. Kuna mwenye nzima?

Wa Ukara
Ninayo, zote 81, iliyotafsiriwa. Kuna jamaa yangu anavuka kesho, anapanda meli Nansio kuja Mwanza, nitampa. Flashi ya bluu, iko ndani ya kiroba cha dagaa ili isilowe. Itanuka, usimlaumu mtu.

Tajiri Mtoto
Fundi, ikifika nitunzie na mimi kopi. Ni ya mama yangu.