Nimepeleka amplifaya ya valvu chaneli moja imekufa, fundi kanirudishia kaua na ile nzima

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira, naomba mnivumilie uzi ni mrefu.

Hii amplifaya nimeiunda mwenyewe mezani sebuleni, miezi minane ya jioni baada ya kazi. Ni ya valvu, zile taa za kioo za kukuzia sauti: mbele ina ECC83 moja, taa ndogo yenye nusu mbili, nusu inahudumia kulia na nusu kushoto, halafu EL84 moja kila upande, taa ya mwisho inayosukuma spika. Wati tano hivi kwa chaneli. Si mziki wa kurusha harusi, lakini ukiweka taarab ya zamani unasikia mpaka kidole kinavyoteleza kwenye uzi wa udi. Transfoma mbili za spika, zinazokaa kati ya valvu na spika, niliagiza nje, na ndizo zilizokula pesa kuliko kitu kingine chochote humo ndani.

Mwezi uliopita chaneli ya kushoto ikanyamaza ghafla. Nikazima, nikaziacha valvu zipoe, nikahamisha EL84 ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Kimya kikabaki kushoto. Nikachomeka ECC83 ya akiba, vilevile. Basi valvu hazina kosa, tafuta kwenye soketi, rezista, kapasita au nyaya. Nilikuwa na safari ya siku nne, nikampelekea fundi mmoja mjini na nikamweleza yote hayo. Nikamwambia na hili, kwa mdomo wangu, mara mbili: usiiwashe bila spika.

Nikarudi mapema, nikapitia kwake. Amplifaya inawaka, simu imechomekwa inapiga mziki, volyumu imefunguliwa mpaka mwisho, na nyaya za spika zinaning'inia pembeni ya meza. Hakuna spika! Na kwenye transfoma ya kulia nasikia tik, tik-tik, kama punje za mahindi zinaanza kupasuka kikaangoni. Nikachomoa waya wa umeme mwenyewe. Ananiambia, "Kaka, kushoto taa imekufa, nimeshakuwekea mpya zote mbili." Valvu sh 90,000, ufundi sh 30,000. Taa ile ile niliyomwambia ni nzima!

Kwa wasiojua: transfoma ya spika bila spika haina pa kuutua umeme wake. Kila valvu inapoukata mkondo ghafla, volti kwenye waya wa upande wa valvu zinaruka juu kupita kiasi, zinatoboa vanishi ya waya, na waya wenyewe ni mwembamba karibu na unywele. Amplifaya nyingi za transista unaweza kuziwasha bila spika zisidhurike. Ya valvu hapana, na anayepokea pesa za watu kutengeneza valvu alipaswa kulijua hilo.

Nyumbani nikawasha nikiwa na mita. Kulia, chaneli iliyokuwa inaimba vizuri, mguu wa 7 wa EL84 ambao ndio anodi, inayopata volti zake kupitia transfoma: volti sifuri. Mguu wa 9, ile gridi ya pili: volti zote zipo. Na ndani ya kioo nikaona nyavu ya gridi imeanza kuiva nyekundu, kwa sababu anodi haina kitu na gridi inabeba mzigo peke yake. Nikazima haraka. Transfoma ya kushoto upande wa valvu inasoma omu 320. Ya kulia mita haisomi kitu, waya umekatika.

Sasa sikilizeni ugonjwa wenyewe wa kushoto. Mguu wa 3 wa EL84, yaani kathodi, mkondo wote wa valvu unapopitia, nikakuta volti 7, maana yake valvu ya mwisho inavuta mkondo kama kawaida, rudi nyuma kwenye ECC83. Nusu ya kulia, anodi volti 155. Nusu ya kushoto, volti 240, sawasawa na zile zinazoingia kwenye rezista yake. Haivuti chochote. Nikachukua kijiti cha mshikaki nikaigusa rezista ya kathodi kwenye mguu wa 8: kraa! Spika ikaita. Risasi haikushika vizuri, kosa la mkono wangu siku ya kulehemu, nalikubali. Tone moja la risasi, chaneli imefufuka. Mita ya fundi ilikuwa inaning'inia ukutani kwake muda wote huo. Vipimo vitatu tu, dakika kumi!

Nimemrudia. Anasema "uliileta ikiwa mbovu", na ile 30,000 bado anaidai. Silipi, na nataka transfoma yangu.

Wakati naendelea kubanana naye, naomba msaada wa kweli: kuna mtu Dar anayesuka transfoma za spika? Wasuka mota niliowaendea wawili wanataka kupishana bati za kiini, zile za umbo la E na I, kama za transfoma ya umeme. Hii ni ya valvu moja, mkondo wa upande mmoja unapita ndani yake muda wote, kwa hiyo E zote zinakaa upande mmoja, I upande wa pili, na karatasi katikati. Ukizipishanisha kiini kinashiba sumaku na besi inakufa. Ni omu 5,200 kwa spika ya omu 8, yaani mizunguko kama 25 kwa kila mmoja wa upande wa spika. Kama unamjua aliyewahi kuisuka ya namna hii ikalia, nitumie ujumbe.