Tupeane uzoefu: nani alikufundisha kuendesha baiskeli ndani ya kundi?

Wakuu, naanza mimi. Siku yangu ya kwanza na kundi nilidhani kazi ni moja tu, nisiachwe. Nikambana jamaa wa mbele mpaka tairi langu la mbele likaingia pembeni mwa tairi lake la nyuma. Akakwepa kokoto kidogo tu, tairi zikagusana. Yeye hata hakuyumba. Mimi nilienda chini, na wawili waliokuwa nyuma yangu wakanipandia. Tairi zikigusana hivyo, anayeanguka karibu kila mara ni wa nyuma, maana usukani wake ndio unaoporwa. Hilo niliambiwa baadaye, kwa makelele, nimekaa kando ya barabara goti likivuja damu.

Siku hizi tunapokea wageni, na wengine wanataka kushindana kabisa. Wewe ulifundishwaje?

Mkia wa Kundi
Mimi tatizo langu lilikuwa vilima. Nilikuwa nasimama kwenye pedeli ghafla, na ukisimama hivyo baiskeli inarudi nyuma kidogo. Aliye nyuma yako anaona tairi linamjia usoni. Mzee mmoja wa kundi alisubiri tumalize safari, akaniita pembeni: "Mwanangu, kabla hujasimama ongeza gia moja iwe nzito, nyanyuka mguu ukiwa unakandamiza, na usiache kusukuma." Hakunisema mbele za watu. Nadhani ndiyo sababu nilirudi wiki iliyofuata.

Kula Upepo
Kosa langu lilikuwa sifa. Zamu yangu ya mbele ikifika, kundi lililokuwa linakwenda 32 kwa saa nalipeleka 37. Nageuka nyuma kwa fahari, nakuta wamekatika vipande vitatu! Dada mmoja akaniambia, kasi uliyoikuta iache ilivyo. Ukichoka, toa zamu fupi, hata mizunguko kumi ya pedeli inatosha, kisha jitoe taratibu urudi nyuma. Kwenye tambarare, anayejikinga nyuma ya mwenzake anaokoa karibu robo hadi theluthi ya nguvu. Kwa hiyo ukichomoka, unamnyang'anya mgeni kile hasa kilichokuwa kinamweka kundini.

Spoki
Sisi tulipelekwa kwenye majani. Mwendo wa mtu anayetembea, wawili wawili, tunasukumana mabega na viwiko. Baadaye tukaambiwa tugusishe tairi la mbele kwenye la nyuma la mwenzako makusudi. Mwili unataka kuvuta usukani kando haraka, na ukivuta tu, umeanguka. Unatakiwa uliegemee lile tairi kidogo, upate mizani, ndipo ujitoe. Nilianguka mara nne, nikacheka mara nne. Kwenye lami ningejifunza kwa meno.

Breki Mbili
Tusipitilize kulaani kelele. "Shimo!" lazima lipigwe kelele. Mgeni akishindwa kuachia mkono mmoja aoneshe shimo kwa kidole, asilazimishwe, atumie mdomo. Heri sauti kuliko mkono mmoja hewani na mwingine unabana breki ya mbele.

Mwanzisha mada
Breki Mbili, hapo sina ubishi. Kelele ya hatari sawa. Ile ya kumdhalilisha mtu ameshaanguka ndiyo ninayoisema.

Kona Kali
Niongeze la mashindano. Mbio zangu za kwanza nilijiweka mkiani, eti nione kwanza. Nilijichongea. Wa mbele wanaingia kona bila kupunguza mwendo sana. Kila anayefuata anapunguza zaidi kidogo, mpaka wewe wa mwisho unakaribia kusimama, kisha unakimbiza kama mwizi kuziba pengo. Kona ishirini, mbio fupi ishirini. Niliachwa nusu ya safari, na miguu ya wenzangu haikuwa bora kuliko yangu. Aliyeniokoa alikuja mazoezini akaendesha mbele yangu kwenye kona ileile mara kumi na tano: breki kabla ya kona, si ndani yake, pedeli ya upande wa nje chini, macho pale unapotokea, na mstari ulioingia nao ndio unaotoka nao. Halafu akanipitisha mbele yake, akakaa nyuma yangu kimya.

Spoki
Kona Kali, huyo bado anaendesha? Tuna wageni sita Jumamosi na majani yameshakatwa.