Tumbo kujaa hewa na mashine ya usingizi, bima wanataka kuichukua

Mama Neema, Columbus

Shikamooni wakubwa, na wadogo habari za huko mliko. Naandika saa tisa usiku nimekaa kitandani, kulala nimeshindwa. Nilifanya kipimo cha usingizi, nina ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, AHI (mara ambazo pumzi inakatika au kupungua kwa saa moja) ikatoka 34, nikapewa CPAP, mashine ya kusukuma hewa puani, kupitia DME, wale wauzaji wa vifaa vya tiba, presha ya hewa 13. Kukoroma kumeisha kabisa, mume wangu amerudi chumbani. Shida ni hewa. Naimeza. Ikifika saa nane usiku tumbo limekaza kama ngoma, nikigeuka linaunguruma, nakwenda mbweu mfululizo, maumivu yanapanda mpaka chini ya mbavu za kushoto, basi navua barakoa naiweka pembeni nakaa hivyo mpaka asubuhi.

Jana imekuja barua ya bima. Wanasema kwenye siku 30 nimefikisha masaa manne usiku 11 tu, wao wanataka 70%, na nisipofikisha kabla ya siku ya 90 hawalipi tena, mashine inarudi DME au nilipe mfukoni. Leo ni siku ya 68 tangu niipate. Nimepiga simu mara tatu, huyu ananirusha kwa yule, yule ananirudisha kwa huyu. Swali langu: kuna aliyeomba kuongezewa muda kwa sababu ya tatizo kama hili? Barua anaandika daktari wa usingizi, PCP (daktari wangu wa kawaida), au mimi mwenyewe? Kuna fomu?

Dereva wa Dallas

Pole sana dada. Hilo tumbo nalijua. Mimi naendesha lori na bila ripoti ya hiyo mashine sipati kadi ya afya ya DOT, idara ya usafirishaji, wenzangu wanapewa ya miezi 24 mimi napewa ya mwaka mmoja, na kila mwaka anayenipima anataka kuona hayo hayo masaa manne na hiyo hiyo 70%. Mwaka juzi nimelala kwenye lori nje ya Amarillo nikaamka kifua kimebana, jasho linanitoka, nikajua moyo huu, nikapiga 911. Hospitali, ER ya dharura, wakanipima moyo, wakapiga picha, daktari akaja kuniambia moyo mzima, tumbo ndilo limejaa hewa. Bili yake nimeilipa miezi tisa.

Nilichofanya nikaingia mwenyewe kwenye ile menyu iliyofichwa ya mashine nikashusha presha kutoka 15 mpaka 11, EPR, ile ya kupunguza presha ukitoa pumzi, nikaweka 3. Wiki ileile tumbo likatulia. Fanya hivyo usisubiri mtu.

Muuguzi, Indianapolis

Kaka Dereva samahani lakini hapana. Usimwambie mtu wa AHI 34 ashushe presha peke yake. 30 kwenda juu tayari ni kali, ukishusha ovyo tumbo litapona na pumzi itaanza kukatika tena usiku, na wewe unaendesha lori la tani ngapi?

Mama Neema ngoja nikueleze kinachotokea. Hewa inasukumwa puani inafika kooni kwenye njia panda, njia moja ya mapafu na nyingine ya umio. Mdomoni mwa umio pana msuli unaobana kama kamba ya mfuko. Presha ikiushinda huo msuli hewa inapita inashuka tumboni, inarundikana huko usiku kucha. Mwenye kiungulia ndiye anasumbuka zaidi. Hebu niambie, unapata kiungulia? Unakula saa ngapi? Pua inaziba? Maana pua ikiziba unafungua kinywa, kinakauka, unameza mate kila mara, na kila ukimeza unashusha na hewa.

Mpigie daktari wa usingizi, USIPIGE DME, mwambie neno hili hili, unameza hewa. Anaweza kukuwekea mashine inayopandisha na kushusha presha ya hewa yenyewe badala ya kukaa 13 usiku mzima, au kupunguza presha ya juu kidogo kidogo huku anaangalia AHI, au EPR, na ikishindikana BiPAP ambayo ukitoa pumzi presha inashuka. Wengi wanabadilisha wakiwa kwenye kompyuta zao huko huko, mashine ina modemu. Wakati unasubiri lalia ubavu wa kushoto, nyanyua kichwa cha kitanda chote kwa vipande vya mbao, mito peke yake inakunja tumbo. Soda na bia acha. Chakula cha mwisho masaa matatu kabla ya kulala.

Baba Imani, Phoenix

Mimi hapo kwenye saa nne sijaelewa, kwani lazima mtu alale saa nne? Wengine tunaingia kazini saa tano usiku.

Mkazi wa Minneapolis

Baba Imani soma vizuri bana, ni MASAA manne ya kuvaa mashine, si saa nne ya usiku. Na hayo masaa si lazima yafuatane. Mimi nko night shift kwa nursing home, nilikuwa navaa masaa mbili na nusu asubuhi, nashindwa na hiyo gesi natoa, jioni kabla ya kazi nalala tena masaa mbili nikiwa nimevaa, inajumlishwa. Angalia tu siku ya mashine yako inaanza saa ngapi, yangu inaanza saa sita mchana hadi saa sita mchana kesho yake, nilichelewa kujua hiyo nikapoteza siku kadhaa.

Mama Neema nimekupigia hesabu. 70% ya siku 30 ni usiku 21. Siku 30 za mwisho kabla ya 90 zinaanza siku ya 61. Umebaki na siku 22. Hata kama tangu 61 hujapata hata moja, ukipata 21 kati ya hizi 22 umeingia. Ni ngumu lakini si kwamba imeisha. Na hiyo miadi ya kuonana na daktari, kama bima yako inafuata utaratibu wa Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, inafaa iwe kati ya siku ya 31 na ya 91, usiikose.

Bi Zuhura, Leicester

Poleni wanangu. Huku kwetu Uingereza hakuna habari ya kunyang'anywa kwa bima, mashine ni ya NHS, huduma ya afya ya serikali, wanakuazima, ukiharibika mpira wanakuletea mwingine. Huku kinachotutia hofu ni leseni. Ukiwa na ugonjwa huu na unakusinzisha mchana kupita kiasi lazima uwaarifu DVLA, ofisi ya leseni za udereva, fomu SL1 kwa gari dogo na SL1V kwa basi na lori. Hewa tumboni na mimi ilinipata, kilichonisaidia ni kubadilisha barakoa, ile ya uso mzima nikaiacha nikachukua ya pua peke yake. Na maji ya tangawizi asubuhi.

Dereva wa Dallas

Bi Zuhura shikamoo, tunakuheshimu, ila dada anauliza mambo ya Marekani, SL1 haitamsaidia.

Na Muuguzi, mimi sijasema ashushe mpaka sifuri. Nilisubiri apoinmenti wiki saba. Wiki saba bila ripoti nzuri ni kazi imeondoka, na watoto wanne. Wewe ungefanya nini? Nilishusha mbili, nikaangalia AHI asubuhi siku tatu, nikashusha mbili nyingine. Ilibaki chini ya 5.

Muuguzi, Indianapolis

Nakuelewa kaka, na hapo kwenye kuangalia AHI kila asubuhi ndipo ulipofanya la maana, ungelisema mwanzoni. Kosa la mfumo si lako. Ila yeye aanze na simu.

Baba Imani, Phoenix

Nimeelewa sasa, asanteni. Mnanikumbusha marehemu babu, Korogwe. Alikuwa anakoroma nyumba ya tatu wanasikia, halafu kimya, halafu anakurupuka kama mtu aliyezama anatoka majini. Sisi watoto tunasema babu kalala fofofo. Mchana anasinzia barazani na kikombe cha kahawa mkononi. Akafa usingizini mwaka 1998, tukasema kafa kifo chema, hakuteseka. Tangu nipimwe mimi mwenyewe nalifikiria lile kurupuka lake kila usiku nikivaa barakoa. Hakuna aliyejua.

Mkazi wa Minneapolis

Pole Baba Imani. Na hata leo nyumbani Kenya ni wangapi wanapimwa? Bima ya serikali, NHIF, imeenda, SHA imeingia Oktoba 2024, na bado mtu akianguka kijijini ni harambee. Hii mashine wangeweka kwa orodha lini?

Baba Imani, Phoenix

Kwetu Tanzania sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita 2023. Sheria ni kitu kimoja, daktari wa usingizi Korogwe ni kitu kingine. Mimi Desemba naenda, mashine yenyewe inakula umeme wa volti 100 mpaka 240 kwa hiyo plagi tu nabadilisha, lakini umeme ukikatika usiku? Nimenunua betri. Kwenye ndege msikubali ihesabiwe kama mzigo, ni kifaa cha tiba, unaingia nayo pamoja na begi lako la mkononi.

Bi Zuhura, Leicester

Betri kubwa mashirika yana masharti mwanangu, uliza kabla.

Mama Neema, Columbus

Asanteni sana wote, Mungu awabariki. Muuguzi, kiungulia ninacho tangu mimba ya Neema, na chakula nakula saa nne usiku nikitoka kazini, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Jana nimempata nesi wa daktari wa usingizi, wamebadilisha kutoka kwao kule, sasa presha inacheza 8 mpaka 12. Mume wangu ameweka mbao chini ya kitanda. Usiku wa jana nimepata masaa matatu na dakika 50, nimelia zile dakika kumi, halafu mchana nimelala tena nimevaa kama alivyosema Mkazi, ikahesabika.

Zimebaki siku 20. Lakini ile barua bado naishika mkononi, nesi anasema rufaa ya kuongezewa muda waombe DME, DME wanasema aombe daktari. Aliyewahi kuipeleka hiyo rufaa, iliandikwa na nani?

Baba Imani, Phoenix

Dada ngoja, kuna jamaa kanisani kwetu alipitia hayo. Namuuliza Jumapili.